Kadi ya Kusubiri

Watu walimwita Laivu, na jina hilo hakupewa na wazazi, alilipata kazini. Alikuwa mrusha picha. Harusi, mahafali, mikutano ya wanasiasa wadogo wenye sauti kubwa, vyote alivirusha moja kwa moja mtandaoni ili walio mbali waone kana kwamba wamekaa kiti cha mbele. Lakini kilichomlisha hasa ni mazishi. Siku hizi kila ukoo una mtu aliyekwama mahali, hana ruhusa, hana afya au hana njia ya kurudi, na mtu huyo anataka kuona. Laivu aliijua kazi hiyo nje ndani. Alijua wapi pa kuweka kamera mtu anapoanguka kwa kilio, na alijua kupunguza maikrofoni haraka mashangazi wanapoanza kusemana.

Halafu msiba ukamfika mwenyewe.

Mdogo wake, yule wa mwisho kuzaliwa, ambaye nyumba nzima ilimwita Kitinda, alikuwa akipiga plasta ghorofa ya tatu ya jengo jipya. Jukwaa la mbao likakatika. Basi, hivyo tu, mtu katoka asubuhi akilalamika chai haina sukari, mchana hayupo. Mama yao alikuwa nao hao wawili tu, na baba alishatangulia zamani.

Mama mwenyewe alikuwa kitandani na nyonga iliyovunjika. Mazishi yalipangwa kwenye boma la baba, mbali, barabara mashimo matupu, na daktari aliwaambia bila kumumunya maneno kwamba mgonjwa akipandishwa gari kwa safari ile wajiandae kuchimba makaburi mawili. Mama alilia, akaitukana barabara, akamtukana daktari. Kisha alimwita Laivu chumbani.

"Nataka uso wake," alisema. "Hotuba wapigie wenye nafasi ya kusikiliza. Sanduku likifunguliwa, nionyeshe uso."

"Utauona, mama."

"Wanasema umeharibika."

"Nani kasema?"

"Hao wanaonong'ona sebuleni. Wanadhani nyonga ikivunjika na masikio yanavunjika."

"Mjomba kamwona mochari. Anasema yuko kama amelala."

"Mjomba wako!" Mama alisonya. "Mjomba wako nyumba ikiteketea atakwambia watu wanachemsha chai. Wewe ulimwona?"

Laivu aliangalia pembeni. Kule mochari alifika mpaka mlangoni. Mjomba alipoingia, yeye alibaki nje, simu sikioni, akijifanya anaongea na mtu. Hakuwa akiongea na yeyote. Aliogopa, na mtu akiogopa haoni aibu kuongea na simu iliyozimwa.

"Bado," alisema. "Nitamwona siku yenyewe."

"Basi tutamwona pamoja. Wewe kule, mimi hapa."

Kisha mama akaomba aletewe shati la bluu la Kitinda, lile la mikono mirefu. Kifungo cha kola kilikuwa kimeng'oka muda mrefu na mwenyewe hakujali, alivaa hivyo hivyo kifua wazi kama kondakta. Mama alikishona akiwa amelala chali, sindano ikimchoma vidole, kwa uzi mweupe kwa sababu wa bluu haukuwepo. Akalikunja shati akampa Laivu. "Mwambie mjomba wako wakifunge," alisema. "Asiende kifua wazi."

Haya. Sasa lazima tuseme kidogo habari ya ile kompyuta, maana bila hiyo mtu hawezi kuelewa yaliyotokea, atadhani Laivu ni mzembe. Hakuwa mzembe. Angekuwa mzembe, mama yake angeona kila kitu.

Ilikuwa kompyuta mpakato iliyokula chumvi nyingi. Feni yake ilivuma utadhani inasaga nafaka. Kamera nayo ilikuwa na lake: sehemu ya kuwekea memori kadi ilishakufa, kwa hiyo haikuweza kuhifadhi chochote yenyewe. Picha ilipita kwenye waya ikaingia kwenye kompyuta, na kompyuta ndiyo iliyobeba mizigo yote, kurusha mtandaoni kwa mkono mmoja na kurekodi kwa mkono mwingine. Anayechakaa kwa kazi hiyo ni prosesa, ubongo wa kompyuta. Ikielemewa, picha zinaanza kuruka, mtu anaganda, sauti inatangulia midomo. Kila mrusha picha anaishi na hofu hiyo, na kila mmoja ana ujanja wake wa kumpunguzia punda mzigo kabla hajalala chini njiani.

Siku ya mazishi jua lilikuwa kali tangu mapema. Laivu aliweka meza yake chini ya turubai, hatua chache tu kutoka lilipowekwa sanduku. Maikrofoni moja alimpa mchungaji. Ya pili aliisimamisha mezani pake, ili inase vilio na nyimbo za watu, maana mazishi yasiyo na sauti ya watu yanakuwa kama taarifa ya habari. Kamera aliishika mwenzake wa studio, dada mmoja waliyemwita Tulia kwa kuwa mkono wake haukujua kutikisika. Mjomba, ambaye ndiye aliyesimamia shughuli yote, akatangaza kwamba mtu asithubutu kutoa simu mbele ya sanduku. Kamera ni moja tu, ya nyumbani, alisema, na fundi wetu tunaye.

Fundi wetu akawasha. Mtandao aliuchukua kwenye simu yake. Kule nyumbani jirani yao, nesi mstaafu, alikuwa amekaa na mama kitandani, wameegemeza tableti kwenye mto.

Mchungaji hajafika mbali, simu ya Laivu ikaita. Alikuwa yule jirani.

"Baba, inakatakata," alisema. "Mchungaji ameganda mdomo wazi, mama yako anauliza kama naye amefariki."

"Naishughulikia. Lakini usinipige tena, mama'ngu. Simu ikiita, mtandao unayumba. Nazuia simu zote sasa hivi."

Akazuia, na ujumbe pia. Na kwa hesabu ya kazi yake alikuwa sahihi kabisa.

Akafungua kidirisha kinachoonyesha mzigo wa prosesa. Tisini na saba kwa mia. Chini ya turubai lile hewa yenyewe ilikuwa moto, kompyuta imechemka hata pa kuweka kiganja hapakuwepo, na sanduku lilikuwa linakaribia kufunguliwa. Akaanza kupunguza.

Kwanza alifunga kivinjari, ambamo maoni ya watazamaji yalikuwa yakipita. Wanaandika pole, wafiwa watazisoma baadaye. Tisini na tatu. Akazima kurekodi. Hili lilimuuma kidogo, lakini alijiambia kwamba chochote kinachorushwa mtandao wenyewe unakihifadhi, mama ataweza kukirudia apendavyo. Themanini na tano. Bado. Akaamua kupunguza ukubwa wa picha na idadi ya fremu zake kwa sekunde, na hilo haliwezekani bila kusimamisha matangazo na kuyaanza upya. Kwa hiyo akabonyeza kitufe cha kadi ya kusubiri.

Kila mrusha picha ana kadi hiyo. Ni picha ya mnato unayoiweka hewani wakati unatengeneza mambo nyuma ya pazia, huku sauti ikiendelea kwenda. Ya siku hiyo ilikuwa na Kitinda mwenyewe, fulana ya njano, kicheko cha mpaka magego, na chini yake maneno: Tafadhali subiri, tutarejea punde.

Akasimamisha, akarekebisha, akaanza upya. Sabini na nane. Mjomba tayari alikuwa amesimama kwenye kichwa cha sanduku. Ndipo Laivu akakumbuka ujanja wa mwisho, ule ambao mafundi wazuri tu ndio wanaoukumbuka. Ile picha unayoiona kwenye kioo chako mwenyewe, ya kukuonyesha kinachokwenda hewani, nayo inachorwa na prosesa hiyo hiyo. Izime, umempunguzia punda gunia zima. Akaizima. Kioo kikawa cheusi, kikabaki kile kidirisha cha mzigo peke yake. Akabonyeza kitufe cha kurudisha kamera.

Alikibonyeza, hilo hakuna wa kumnyang'anya. Lakini kidirisha cha mzigo ndicho kilichokuwa mbele, na kitufe kinatii dirisha lililo mbele. Amri ikaingia kwenye dirisha lisilojua kamera ni nini, ikapotelea humo. Kwa kioo cheusi Laivu hakuona lolote. Aliona namba tu, nayo ilikuwa inashuka, sabini, sitini na sita, sitini.

"Sitini!" alisema kwa sauti, roho ikamtua. "Ahaa, sitini! Twende!"

Wakati huo huo kifuniko cha sanduku kilifunguliwa na kilio kikalipuka.

Watu walipanga mstari. Walipita mmoja mmoja, wengine wakishikwa mabega, wengine wakitoka wamefunika midomo. Tulia alisimama na kamera pale pale juu ya uso, mkono imara, machozi yakimdondoka bila kuyafuta. Mjomba akamkonyeza Laivu na kumpungia mkono. Laivu akainua kidole: subiri kidogo. Namba ilikuwa imepanda hadi sitini na nne. Ikashuka. Ikapanda tena.

Mjomba akamfuata mezani. "Mpwa wangu, njoo umuage mdogo wako."

"Nakuja, mjomba. Nikiondoka hapa ikaganda, mama atakosa."

"Mimi nitaiangalia hiyo namba."

"Huijui, mjomba. Nakuja."

Hakwenda. Na tusimpake mafuta kwa mgongo wa chupa, haikuwa kwa ajili ya mama peke yake. Ile namba ilikuwa rafiki mzuri siku hiyo. Haikulia, haikuwa na uso, ilidai tu itazamwe, na kadiri alivyoitazama ndivyo alivyopata sababu ya kutoinua macho. Hatua chache tu. Angegeuza shingo angeona. Alijipa moyo kwamba atamwona baadaye, nyumbani, kwenye tableti, ameshikana mikono na mama yake. Tutamwona pamoja, si ndivyo alivyosema?

Misumari ikagongwa. Namba ikabaki sitini mpaka udongo wa mwisho.

Alifungua simu yake watu walipokwenda kunawa mikono. Ikaanza kutetemeka kiganjani bila kukoma. Picha haiji. Fundi, tunaona picha ya mnato. Bado tunasubiri. Jamani mwambieni Laivu. Mbona sauti ipo picha hakuna? Akaingia mtandaoni kutafuta matangazo yake. Kabla ya kukatika yalikuwa na mchungaji aliyeganda. Baada ya hapo, mwanzo hadi mwisho, sala, nyimbo, vilio, nyundo, majembe, yote yalikwenda chini ya fulana ya njano na kicheko cha mpaka magego. Tafadhali subiri, tutarejea punde.

Akakaa chini kwenye vumbi. Tulia alimkuta hapo. Aliona kwenye simu, akaelewa, akaweka mkono mdomoni.

"Na kurekodi, ulizima?" aliuliza taratibu.

"Nilizima."

Tulia akaanza kukunja waya za kamera. Yeye ndiye aliyekuwa na uso ule machoni, na Laivu alitaka kumuuliza ulikuwaje, umeharibika, haujaharibika. Mtu utamuulizaje mgeni habari za mdogo wako aliyekuwa mbele ya pua yako?

Kati ya ujumbe wote ule, mmoja ulikuwa wa jirani. Mama anashukuru, ulisema. Anasema amemwona.

Laivu aliusoma tena na tena njia nzima ya kurudi. Macho ya mama hayakuwa mazuri, na chumba kina giza. Huenda ameona ile picha, akasikia kilio, akadhani ndio uso wenyewe. Inawezekana. Aliomba iwe hivyo. Kuna mtu anayeomba mama yake awe amedanganyika? Yeye aliomba, tena kwa moyo wote.

Alipofika nyumbani kesho yake alikuta chumba kimejaa wanawake, wengine sakafuni, wengine ukingoni mwa kitanda. Mama alikuwa ameinuliwa kwa mito, anang'aa uso kwa mafuta aliyopakwa.

"Huyu hapa mwanangu," aliwaambia wageni. "Kanionyesha. Nimemwona mtoto wangu. Alikuwa anacheka, jamani, kaenda akicheka."

Wanawake wakaitikia, wengine wakafuta macho. Mmoja akamshika Laivu mkono akasema Mungu ambariki, watoto kama yeye siku hizi ni wa kutafuta kwa tochi. Ameamini, Laivu alijiambia, na hata mimi kuanzia leo nitaamini.

"Sasa niacheni kidogo na mwanangu," mama alisema.

Wakatoka. Jirani alikuwa wa mwisho, na alipopita mlangoni hakumtazama Laivu usoni.

"Funga mlango," mama alisema. "Kaa."

Laivu akakaa ukingoni.

"Ile picha nilimpiga mimi," mama alisema. "Kwa simu yako. Alikuwa ananicheka nimeishika kichwa chini miguu juu. Ulidhani nitaisahau?"

"Mama..."

"Sijakuita nikugombeze. Nilisema vile kwa sababu yako. Sikutaka waseme mtoto wa nyumba hii kaharibu maziko ya ndugu yake. Chombo kimekataa, basi, kimekataa. Vyombo hukataa." Alivuta pumzi, nyonga ikamuuma, akasubiri ipoe. "Lakini wewe ulikuwa na macho yako. Ulisema utamwona siku yenyewe. Niambie wewe. Alikuwaje?"

Laivu akanyoosha kona ya shuka.

Mama alichukua tableti ubavuni. Vidole vyake vilishajua pa kugusa. Picha ya njano ikatokea, na sauti ya mchungaji, na ukimya wa watu wanaongoja. Kisha, karibu kabisa, kama mtu aliyesimama humo humo chumbani, ikasikika sauti ya Laivu mwenyewe, yenye furaha: Sitini! Ahaa, sitini! Twende! Na nyuma yake kilio cha watu.

Mama akaisimamisha.

"Hiyo sitini ni nini, mwanangu? Nimeisikiliza tangu jana. Nimemuuliza jirani, naye hajui. Watu wanalia, wewe unasema sitini."

"Ni mzigo, mama. Wa prosesa. Kompyuta ilikuwa imeelemewa."

"Ikapata nafuu."

"Ikapata nafuu."

Mama alitikisa kichwa polepole, kama anayeelezwa habari za mgonjwa wa watu wengine. "Na kile kifungo," alisema, "walikifunga?"

Laivu alifungua mdomo. Jibu lilikuwa rahisi, neno moja tu. Angeweza kulisema, na angeongeza kwamba uso ulikuwa mzima, umetulia, hauna hata mchubuko. Mama alikuwa amemkazia macho, yale macho mabovu ambayo siku zote yalimwona alipokuwa ameiba sukari.

"Sijui, mama," alisema. "Sikwenda. Nilikuwa naangalia namba."

"Mjomba wako hakukuita?"

"Aliniita."

"Ulikuwa mbali?"

"Sikuwa mbali." Machozi yakaanza kumtoka, ya kwanza tangu msiba uanze. "Niliogopa, mama. Nampigia Tulia simu sasa hivi, yeye alimwona vizuri, atakueleza kila kitu, na kifungo..."

"Tulia sikumzaa mimi," mama alisema. "Mjomba wako ataniambia kalala. Nilikutuma wewe." Aligeuzia uso ukutani. "Kwa hiyo katika nyumba hii hakuna aliyemwona."

Nje wanawake walikuwa wakiosha masufuria, maji yakimwagika, mmoja akimwambia mwenzake asogeze beseni.

Hatimaye mama aligeuka. Hakuwa analia. Alimsogezea tableti.

"Iwashe tangu mwanzo," alisema. "Kaa hapa karibu yangu."

Akaiwasha. Wakakaa bega kwa bega wakimtazama Kitinda katika fulana yake ya njano, na yale maneno chini yake yanayowaambia wasubiri. Mchungaji akasali. Watu wakaimba. Ukimya ule ulipokaribia, Laivu alinyoosha mkono apunguze sauti kabla haijafika pale pa sitini.

Mama akamshika kiganja.

"Iache," alisema. "Tuisikie."